Kitasa Hakina Chama

Januari, bonde la mto Gaià.
Tunachoma vitunguu virefu kwa kuni za mizabibu
mpaka ganda la nje liwe mkaa,
kisha tunavivua kama soksi, tunachovya,
tunameza vichwa vikitazama mbingu.
Kila mkono una masizi.
Leo hakuna wa kumnyooshea mwenzake kidole kisafi.

Bado wanajaribu.

Dada yangu Remei anasema nchi ni nchi
hata ikikalishwa pembeni ya mkeka.
Eulogio mumewe, karani wa mahakama miaka thelathini na mmoja,
aliyekuja toka Badajoz na begi moja na kikohozi,
anajibu: sheria ni msumeno, mke wangu,
hukata mbele na nyuma.
Msumeno ndiyo, asema Remei,
lakini mpini mmeushika ninyi.
Basi badilisheni sheria, mlango upo.
Upo. Ufunguo anao nani?

Hapo wote hunigeukia mimi,
kwa kuwa ndimi fundi wa vitasa.

Nitasema, maana divai imeshuka nusu chupa.
Asubuhi ile ya kura iliyokatazwa
askari wawili walinigongea kabla ya jogoo,
na hati ya hakimu, mhuri wake ungali unanata.
Shule ya msingi. Mlango wa kijani.
Kitasa nilikitia mwenyewe, mwaka paa lilipovuja.
Ndani watu walilala juu ya magodoro ya mazoezi,
Remei kakumbatia sanduku la plastiki
kama mtoto mwenye homa.
Nikaingiza waya. Pini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu ni sugu.
Kitasa hakina chama. Hakikuniuliza.
Kilisema tu *ta*,
na dada yangu akaninyima salamu miezi kumi na minne.

Sijutii, wala sijivuni.
Hati ilikuwa halali na mikono yangu ilitetemeka;
kweli mbili, na kiti ni kimoja.

Kisha Guifré, mwana wao, akachora ukutani mwa mahakama
hakimu mwenye miguu ya jogoo.
Faini, na kesi juu yake.
Eulogio aliomba likizo, akavaa tai ya harusi yake,
akaketi benchi la wasikilizaji, upande wa kijana,
vikao vitatu, mbele ya mabosi wake.
Mchoro ni mbaya, alisema pale ngazini,
jogoo gani asiye na kucha?
Lakini ubaya si jinai.

Remei hulisimulia hilo kwa majirani, kwa sauti.
Lisilosimuliwa ni la ukumbini, masika yaliyopita:
mwalimu Basilisa, mstaafu, kasimama na barua yake
ya kupinga kujitenga, karatasi mbili, mwandiko wa ubaoni.
Walimpigia miluzi hata akaikunja.
Mluzi mkali kuliko yote
ulitoka kinywani mwa mtu aliyetia vidole viwili.

Eulogio anamenya kitunguu, taratibu.
Vidole vile, Remei, ndivyo hivi?

Moto unapasuka. Guifré anatazama sahani.
Dada yangu anavigeuza vidole vyake, mbele, nyuma,
vyeusi hadi kwenye pingili.
Ndivyo, anasema.
Halafu: lakini alikuwa anakosea.
Halafu hasemi kitu.

Hakuna aliyehama upande wake.
Giza lilipoingia walikuwa wamerudi kwenye kodi,
kwenye reli, kwenye lugha ya kufundishia hesabu.
Ila nasikia Basilisa kaalikwa ukumbini Jumamosi,
na kila nimuulizaye nani kamwalika
anakumbuka ana kitu jikoni.

Remei ananikatia mkate.
Dole gumba lake limebaki juu ya weupe,
jeusi, kamili, kila mstari unasomeka.
Siufuti.
Nautia chumvi, nakula.