Tendua

Wateja wakisubiri kopi huniuliza,
Mama Mashavu, mbona kioo chako hakifanani na vya wengine?
Naanza na kodi.

Nimepanga Mbagala Rangi Tatu miaka kumi na tisa.
Namjua mwenye nyumba anayetaka ya miezi sita mkononi,
abaki na ufunguo wa pili,
aingie usiku kuhamisha viti
na asubuhi akwambie: subiri, usizime, nakutengenezea.
Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa nyumba hiyo.
Tena mie niliingia kwa ufunguo wa wizi,
sidii ya elfu tano, Mtaa wa Aggrey,
na kila wiki kioo kikawa cheusi
kunitangaza mwizi mbele ya wateja.

Kisha akaja Sikujua, binti wa ualimu, Chang'ombe.
Kurasa tisini na mbili za utafiti.
Alichomeka flashi kwangu, ikatoka na majina matupu,
ndani mafaili yamebunguliwa kama kunde za mwaka jana.
Hakulia. Alikaa kwenye kiti cha picha za pasipoti
mpaka nikafunga duka.

Fundi Ngwanda ndiye aliyeleta mfumo huu.
Bei? Bure.
Nikacheka. Dar hii, cha bure kina mwenyewe.
Akasema kinao, mama, kinao wengi:
harusi isiyo na kadi ya mchango,
wa kupika anapika, wa kubeba viti anabeba,
na mapishi yamebandikwa mlangoni,
soma, nakili, ongeza bizari yako.

Sidanganyi. Printa iligoma siku tatu.
Majedwali ya fomu yalipinda, nikatukanwa.
Ngwanda akamwandikia mtu asiyemjua, nchi asiyoijua,
naye akajibu usiku wa manane;
printa ikakohoa, ikatema karatasi.
Mashine ile ile iliyohukumiwa jalalani
imemfikisha Mashavu kidato cha nne.

Lakini sababu yangu hasa ni ndogo.
Siku moja nikaona kwenye menyu:
"Rudisha nyuma kitendo."
Nani anasema hivyo?
Sisi tunafunga, tunafungua,
tunaziba, tunazibua,
tunakunja mkeka, tunaukunjua.
Nikauliza, naweza kurekebisha?
Ngwanda akashangaa: kwani nani amekukataza?

Niliandika neno moja. Likakaa miezi minne.
Likapita.

Sasa yupo mtu, Kasulu labda, au Wete,
amefuta asichotaka kufuta,
kidole kinatafuta pa kushika,
kinakuta neno la muuza kopi wa Mbagala:
Tendua.

Sikujua halikumfikia.
Jioni, kabla sijazima, huwa nalibonyeza
hata kama sijakosea kitu.