Kokwa za Ukwaju

Vidole vyangu viwili havinyooki.
Ukiuliza, nitakwambia: huyo ni Khemraj,
mwaka ule wa mafuriko, mpira wa nne, asubuhi.

Nilikuwa mdakaji wake kabla hajawa na mtu mwingine.
Vijiti vyetu vilikuwa debe la mafuta ya taa
lililoliwa na kutu. Mpira wetu,
vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyosokotwa juu ya kizibo.
Alianzia mbio ng'ambo ya mfereji,
akaruka ubao, akapita jiko la mama,
akampita mbuzi wa Bi Dhanmatie
aliyekwisha kujifunza kulala chini,
na nilichokiona kilikuwa mkono tu,
kisha sikuona kitu,
kisha kiganja kinawaka.
Yalipochomwa mashamba ya miwa, majivu yalitudondokea.
Tukacheza humo humo.

Wakaja wakamchukua.
Mechi kumi na moja katika kofia nyekundu iliyokoza.
Wiketi thelathini na nne.
Redio ya dukani kwa Mohabir ililitaja jina letu
ikilivunja katikati,
na baba, mkata miwa miaka thelathini
bila kutajwa na mtu,
aliisahihisha redio, kwa sauti, kila mara.

Kisha Lancashire, mji wa viwanda vilivyofungwa,
mvua nyembamba kama nywele za kichanga,
na fedha zikaja nyumbani, tukaezeka bati.
Siku moja huko, ova ya kumi na tisa,
mguu wa kushoto ukatua, mgongo ukasema neno.
Neno moja. Akarusha ova nne zaidi.
Hakuna aliyekuwa akihesabu.

Picha ya daktari ilionyesha ufa
kama ule wa kikombe unachoendelea kunywea chai.
Alikuwa na miaka ishirini na sita.
Watu wa Corentyne walisema,
kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.
Koleo lenyewe halikuulizwa.

Miaka tisa alipima mpunga kinuni.
Ukimtajia kriketi, alikuuliza bei ya magunia.

Aliitwa shuleni kuziba paa la maktaba.
Akiwa kule juu akasikia.
Si aliona: alisikia.
Mguu wa mtoto unaotua vibaya una mlio wake,
mzito, gunia lililotupwa na mtu mwenye hasira.
Alishuka ngazi na nyundo mkononi,
mwalimu mkuu akadhani ni ugomvi.

Indrawattie, miaka kumi na mitatu, mwembamba kama korongo.
Na kaka yangu, sitaficha, alikuwa mwalimu mbaya.
Alipayuka. Akataka kumwonyesha kwa mwili wake,
akashika kiuno, akakaa nyasini hadi giza,
na yule mtoto akakaa naye, akimfukuzia mbu.

Sasa hapayuki.
Ana kokwa za ukwaju ishirini na nne, mfuko wa kushoto.
Kila mpira, kokwa moja inahamia kulia.
Mfuko ukiisha, basi.
Indrawattie hununa. Juzi alimwambia, mbele ya wenzake,
"Wewe hujui kasi ni nini."
Khemraj akatazama viatu vyake.
"Labda," akasema. "Nenda kanywe maji."

Jana akaniita mimi.
Nina miaka hamsini na mitatu, magoti yanalia kama bawaba.
Nikachuchumaa nyuma ya vijiti, vijiti vya kweli,
glavu za kuazima.
Akaja, hatua chache kuliko za kaka,
mguu ukatua nikausikia kwa shida,
na nilichokiona kilikuwa mkono tu.

Nikakung'uta kiganja nyuma ya paja, kwa siri.
"Vipi?" akauliza Khemraj kutoka kule.
Nikamwambia, umefika.
Akatia mkono mfukoni,
akahamisha moja.