Picha ya Chumba cha Pili

Miaka arobaini na mmoja nimeshona nyavu
mbele ya mlango huu, nimeupa mgongo,
tangu ulipokuwa mlango wa ghala la barafu.
Leo wakazi wa Ondarroa hawalipi.
Nikasema haya, niingie, nione wanachokificha.

Anartz ndiye akataye tiketi. Namjua tangu tumboni mwa mamaye.
"Karibu, Garbiñe. Futa viatu."

Dira. Taa ya shaba. Nanga imepakwa rangi upya,
nyeusi, kama mzee aliyetia piko ndevu.
Harufu hakuna. Hilo ndilo lililonishtua:
bahari yote hii, na hainuki.

Ndani ya kioo, sindano ya nyavu, ya mbao,
na kadi: Ilitumika zamani.
Nikatia mkono mfukoni mwa aproni.
Yangu imo, ya plastiki, ina uzi wa kijani,
bado ina joto la paja.
Sikumwambia mtu.

Chumba cha pili, picha. Wanawake saba
wameketi juu ya wavu, miguu wameinyoosha,
kila mmoja kaukaza wavu kwa gumba la mguu.
Chini yake: Wanawake wa bandarini. Majina hayajulikani.

Hayajulikani na nani?
Anartz! Lete kalamu.

Huyu wa kwanza Kandida, aliyeimba kwa pua.
Bixenta: alijifungua Jumanne, Alhamisi yuko gatini.
Pantxika na dadake Romana, hawakusemezana
tangu mgawo wa nyumba; walishona wavu mmoja,
huyu ncha hii, huyu ncha ile,
wakakutana katikati bila neno.
Dominika, mkono wa kushoto. Mafundo yake
ungeyatambua gizani kwa kupapasa.
Huyu anayecheka, kaziba mdomo, ni mama.
Meno mawili ya mbele yaling'oka wiki ile.

Anartz anaandika nyuma ya tiketi,
tiketi zinajaa, anaandika kiganjani.
"Na wa saba?"

Wa saba alimkopa mama uzi, mafungu matatu ya katani,
msimu wa dagaa, akaingia nao kaburini.
Mwache hapo hapo. Huyo asijulikane.

Honi. Dirishani, Itsas Lore inaingia,
wavu umechanika toka chelezo hadi chubwi,
na alfajiri wanautaka majini.

Basi nimeketi. Mguu nimeunyoosha,
gumba limelishika jicho la wavu.
Tundu la kwanza, la pili, la kumi.
Dizeli, upepo, kuli anaitukana winchi.
Nafika penye tobo kubwa, uzi unaniishia.
Namgeukia Nekane; ananirushia
fungu zima, hainui macho,
hahesabu.

Nikalishika kitambo.

Kisha nikapaza sauti kuelekea dirisha la juu:
Anartz! Yule wa saba!
Andika Eskolastika.
Kwa wino, si kwa penseli.