Vizingo

Nimetandaza ramani juu ya mkeka,
pembe moja nimeikandamiza kwa kopo la grisi,
ya pili kwa kikombe cha kahawa,
ya tatu kwa goti.
Ya nne inajikunja itakavyo.

Swabra anauliza, "Tunakwenda wapi?"
Namwambia, kona.
"Kona ya wapi?"
Zote.

Miaka ishirini na sita nimevuta makontena
kutoka geti la Kilindini hadi Malaba,
barabara imetandikwa kama kamba ya kuanikia nguo
na mimi ndiyo nguo.
Maungu, Voi, Mtito,
mguu kwenye mafuta, jicho moja kwenye kioo,
la pili linasinzia kwa niaba ya mwenzake.
Usukani ule sikuukata. Niliushikilia tu,
kama mlevi na nguzo ya stima.
Mji wetu una mtaa mzima uitwao Kizingo,
na mimi, dereva wa mji huo,
sikujaaliwa kizingo kimoja cha kunichekesha.

Kisha reli ikaja, ikabeba mizigo.
Bosi akanipa mkono, bahasha,
na kalenda ya mwaka uliokwisha.

Bahasha ndiyo hiyo, imeegeshwa uani:
Datsun ya milango miwili, rangi ya haradali.
Dzombo, fundi wa Magongo, aliikagua akacheka,
akaikagua tena, hakucheka.
Klachi mpya. Breki zote nne nimezilipia mapema,
maana mlima haukopeshi.

Sikiliza njia, Swabra.
Tutatoka baada ya alfajiri,
Makupa, Changamwe, Miritini,
nyuma ya matrela yale yale, moshi ule ule,
lakini Mazeras nakata kulia!
Rabai yapanda, Ribe yashuka,
minazi inahamia kushoto, inahamia kulia,
kama watu wanaompisha bibi harusi,
gea ya tatu, ya pili, pumua, ya tatu,
hadi Kaloleni, viazi karai kwenye gazeti,
halafu tuiingie Mariakani kwa mlango wa uani.

Mariakani! Pale kwenye mizani
nimelala foleni usiku nisioweza kuuhesabu.
Safari hii nitapita nikipunga mkono.
Sina shehena, sina karatasi,
nina mke na chupa ya chai.
Watanipima nini?
Hata maneno haya nayapanga bila mizani.

Kutoka hapo hadi Voi nitavumilia;
unyoofu ni ushuru, tutalipa.
Kisha Mwatate, na milima ya Taita imesimama wima,
barabara ya Wundanyi imezungushwa juu yake
kama kilemba kilichofungwa na mtu mwenye haraka.
Nimeipima kwa uzi wa kushonea:
penye kidole kimoja kwa kunyoosha
uzi umekula shubiri nzima.
Nimempigia Mwakio, utingo wangu wa zamani, kwao ni kule.
Kasema, "Ya saba ina ukungu. Piga honi.
Kuna ng'ombe wa mama anayedhani lami ni yake."
Kasema pia kimanga kitakuwa mezani,
na tubebe sweta. Sweta! Mimi mtu wa Tudor.

Sasa, Swabra huchafukwa na moyo
hata kwenye kivuko cha Likoni, maji yakiwa shwari.
Nimemnunulia tangawizi, ndimu kumi,
mifuko ya karatasi, nikaipanga mbele yake
kama posa.
Hakuigusa.

Akaingia ndani, akarudi na pochi,
akaweka kadi juu ya ramani, katikati ya Voi.
Leseni. Jina lake. Picha yake, amekaza macho.
Miezi mitatu, kumbe, ya "kwenda kwa dada Tononoka."

"Dereva hachafukwi," akasema.
"Kona naendesha mimi.
Wewe chukua zilizonyooka,
umezizoea."

Kesho narudi kwa Dzombo.
Upande wa abiria hauna kishikio.