Breka ya Kumi na Moja

Boksi liko nyuma ya mlango wa majlisi,
mfuniko umeganda kwa rangi ya ukuta.
Nimelifungua kwa bisibisi na Bismillahi.
Breka kumi na nane, joto la Agosti la Mabela,
mjusi aliyekaukia mkao wa kusujudu,
na maandishi ya fundi wa mwanzo, mtu wa Kerala:
herufi za duara, nzuri, kama vitanzi vya kufumia,
asiyezijua mtu hata mmoja nyumbani humu.

"Unakata kila adhuhuri," asema Bi Shinuna.
"Nikiwasha eisii ya tatu, nyumba nzima inaniaga."

Kosa naliona kabla ya kutoa koleo:
fezi nyekundu imetwishwa eisii zote tatu,
jiko, pasi, mashine ya kufulia;
ya njano ina taa tu;
ya buluu imekaa kama bwana harusi wa siku saba,
haitumwi hata maji.

Basi ni kupanga.
Nzito zisogee karibu na meni swichi,
skrubu zikazwe mpaka kiganja kilalamike,
kila fezi ipate eisii yake moja.
Taa za ngazi ziwe mbali na soketi za jikoni,
birika likileta shoti, mtu asishuke gizani.
"Na hita?"
"Hita tumezima tangu Mei, mwanangu.
Maji ya tangi la juu yananyonyoa kuku.
Ya baridi twayachota humo humo ndani ya hita."

Majina tunayasaka kwa kupiga kelele.
Mimi nazima, mjukuu wake Ghaliya anakimbia.
"Imezima?"
"Chumba cha bibi!"
"Na hii?"
"Jikoni! Wali, fundi, wali!"

Ya kumi na moja.
"Imezima?"
Kimya. Nyayo zinakwenda, zinarudi.
"Hamna. Kila kitu kinawaka."
Lakini kipimo kilikuwa kimesoma ampea tatu,
na ampea tatu haziendi matembezi.
Waya unashuka, unaingia sakafuni,
basi, hauonekani tena.

Nikaiacha chini, nikazima meni, nikahamisha nyingine.
Nilikuwa nusu ya kazi geti lilipogongwa:
vijana wanne wa ujenzi, ovaroli zina chumvi mgongoni,
chupa tupu mkononi.
Mmoja akaonyesha nje, ukutani,
lile kuula la bati lenye mabomba mawili.
"Mama, mai harr."
Maji yamekuwa moto.

Bi Shinuna alisimama mlangoni,
ncha ya ushungi kaibana kwa meno.
"Mie nilidhani la baladia," akasema baadaye.
"Miaka tisa marehemu yumo kaburini,
miaka tisa nailipa bili nikiguna,
mbona kubwa, mbona kubwa."

Nikaifunga kwenye fezi ya buluu,
ile isiyotumwa.
Nikainua meni. Friji likaguna,
na nje ya ukuta kompresa ikakohoa, ikashika.

"Hii niiandikeje?"
Breka isiyo jina ni hatari, ndivyo nilivyofundishwa,
na kalamu nilikuwa nayo tayari.
Akaitazama kama sahani ya mtu aliyenyanyuka mara moja tu
kwenda kunawa.
"Yeye hakuandika," akasema. "Nawe usiandike."

Nikabandika tepu nyeupe, tupu.
Saa saba u nusu. Eisii tatu zinaunguruma.
Ghaliya anauliza kama wali
sasa unaweza kurudi motoni.