Kidude cha Lango la Tatu

Kidude changu cha kuhesabia ni cha chuma,
kinakaa kiganjani kama yai la kanga.
Kichwa kikipita, kidole gumba: ta.
Miaka kumi na tisa, lango la tatu,
City Stediamu, Barabara ya Jogoo,
kila fainali ya vyuo vikuu.

Mwaka wa kwanza kidole kilivimba.
Elfu nane mia sita na tatu:
nambari hiyo naijua kama ya kitambulisho changu.
Wale wa Chuo cha Kilimo walikuja na mbuzi hai
aliyevishwa jezi, mgongoni tisa.
Bosi Ong'ayo akaniuliza, Na mbuzi umemhesabu?
Nikamwambia, Amelipa.
Sikusema uongo. Mwenye mbuzi alikata tiketi mbili.

Leo, saa nane na nusu,
kidude kinasema mia mbili na kumi na moja,
na humo mna askari wanne, muuza mayai,
na mlevi aliyedhani ni mkutano wa injili.

Wanasema ni mvua. Mvua haijanyesha.
Wanasema ni Desemba, vyuo vimefungwa, watoto wamekwenda kwao.
Wanasema ni bei; lakini tangu mwaka juzi kuingia ni bure,
na bure nayo watu wameiona ghali.

Mpwa wangu Mutinda anasoma uhandisi
katika chuo hicho hicho kilichofika fainali.
Nimemwacha Umoja, kitandani, simu kifuani,
mkeka wake una timu kumi na mbili,
moja ni ya Belarusi, kwenye theluji.
Winga wao mgonjwa wa goti anamjua kwa jina.
Nikamwuliza, Na kipa wenu ni nani?
Akanitazama.
Kwani tuna timu?

Kisha akaja kijana wa kamera, Lesiit,
suruali yenye mifuko kuliko mali ya kutia.
Tafadhali wote hamieni upande wa pili,
tukae pamoja, tuonekane tumejaa.
Tukahama. Tukabanana bega kwa bega
kama dagaa, na kopo lenyewe likabaki wazi pande zote.
Na wewe mama, njoo.
Lango je?
Akacheka. Nani ataiba viti vya saruji?

Basi nikakaa. Miaka kumi na tisa
mechi nimeijua kwa mgongo,
kwa vishindo vilivyopita juu ya ukuta.
Nilidhani kelele ile ni ya mpira.
Kumbe ilikuwa ya watu.
Mpira wenyewe hunong'ona.
Nimesikia njumu ikikutana na ugoko,
muwa unavunjwa.
Nimesikia kipa akiomba Mungu, na beki akimjibu.

Kando yangu mama mmoja wa Mwingi,
amesafiri usiku, chupa ya chai mapajani.
Kuotea hakujui, kona hajui.
Anajua sita.
Akasimama, akaita mara moja tu:
Musyimi!
Uwanja ukijaa, jina hilo lingezama
kama punje kwenye gunia.
Leo lilivuka nyasi lote, zima,
na Musyimi, mpira mguuni,
akageuka.

Walimpokonya. Wakafunga.
Mama akajiziba mdomo kwa leso,
na kule chini mwanawe, mikono kiunoni,
bado anatazama huku, meno nje.

Jioni Ong'ayo kaleta fomu.
Waliohudhuria: andika elfu moja, wafadhili wasikimbie.
Harufu ya nyama ya Burma ilikuwa inapanda,
nami nina njaa, na kalamu ni yake.
Nikatoa kidude mfukoni.
Ta, mimi.
Nikamfikiria yule mama. Alikwisha kupita asubuhi, nilimbonyeza.
Nikabonyeza tena.

Mia mbili na kumi na tatu, nikaandika.
Ong'ayo akahesabu kwa macho, akasema, Wawili wamezidi.
Nikamwambia, Wamelipa.