Neno la Katikati

Mimi ndiye niliyeandika majina yao
kwa kalamu ya buluu, kanda baada ya kanda,
kibandani kwangu, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani:
SENKONDO NA MWANAMVUA.
Lebo nyembamba, mkono wangu mnene;
jina la mwisho likajikunja ukingoni
kama mgeni aliyekuta mkeka umejaa.

Senkondo alishuka kutoka Magila na zeze la kibuyu,
waya wake kaukata kwenye breki ya baiskeli ya babake
(mzee hakumsamehe mpaka alipomsikia redioni).
Mwanamvua alikuwa zamu ya usiku kiwanda cha kamba,
kajifunza kuimba juu ya mashine,
ndiyo maana sauti yake haikuwahi kuomba kipaza.

Umeme ulikatika harusini, Mabawa.
Bendi ya magitaa ikabaki imeshika mbao.
Zeze halidaiwi na shirika la umeme:
Senkondo akakuna,
na Mwanamvua, aliyekuja kusaidia vyombo,
akaitikia huko huko uani, masizi hadi viwikoni.
Bibi harusi alitoka nje kabla hajaitwa.

Miaka kumi na mmoja.
Soni waliwalipa gunia la viazi,
Handeni mbuzi mwenye kikohozi.
Kila lori la machungwa lililotoka Muheza
liliondoka na sauti zao,
na sikukuu moja ya Idi niliuza kanda mia nne,
nikaezeka upya bati za mama.

Watu walisema mapenzi. Wengine, pesa.
Mimi nilikuwapo.
Alikuja asubuhi, akachukua kanda, akaigeuzageuza.
"Fundi, hii *na* ni ya kazi gani?"
Nikacheka. Hakucheka.
"Kuna *na* ya mzani, na kuna *na* ya kamba ya mbuzi:
kwanza anatajwa mshikaji."

Mzigo uliofuata nikaandika MWANAMVUA NA SENKONDO.
Senkondo akairudisha kanda,
akaiweka mezani kimya,
kama chenji pungufu.

Yeye akaenda Mombasa na wapiga kinanda.
Huyu akamfundisha mpwa wake kuimba,
kijana mzuri, sauti safi kama sahani isiyoliwa.
Walipigiwa makofi, wote wawili, kila mmoja kwake,
kisha mtu mmoja nyuma angeuliza:
"Na mwenzako?"

Ninayo kanda moja sijaiuza.
Chumba cha nyuma, mvua inapiga bati,
wamesahau kwamba mashine inazunguka.
"Senkondo, umekula changu!"
"Changu samaki, au changu chako?"
Halafu kicheko, kirefu, kinakatika, kinaanza tena,
mpaka kiwiko cha mmoja kinagonga waya
na zeze linatoa sauti moja ambayo hakuna aliyeitaka.
Lebo yake iko wazi mpaka leo.

Mwaka jana Senkondo alikuja, mkongojo mkononi.
Nikaazima redio kwa jirani. Mkanda wa ndani umechoka,
sauti zilitoka nzito, kama watu wanaoamshwa.
Alisikiliza mpaka mwisho, hata ule mvumo mtupu.

"Mwongo," akasema. "Alikula mwenyewe."

Akaniomba nirudishe nyuma.